Mlango wa Bi Somoe katika Nchi ya Mapazia

Namna Mwalimu Nakiete Mbwambo alivyofika katika Nchi ya Mapazia haina uzito katika habari hii. Itoshe kusema kwamba aliondoka kwao siku moja baada ya yeye na mumewe kukaa mezani na daftari la matumizi ya nyumba na kuinuka bila kusemezana. Na kwamba alivuka mpaka asubuhi ya Jumatano akiwa na mkoba mmoja, mwavuli, na tabia aliyoipata katika miaka ishirini na sita ya kufundisha, yaani kutazama kwanza na kusahihisha baadaye.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba nyumba za huko hazikuwa na milango. Zilikuwa na miimo, zilikuwa na vizingiti, na katikati ya miimo yalining'inia mapazia: ya hariri, ya mahameli, yenye shada na yenye vioo vidogo vidogo, mengine mazuri kuliko nyumba zenyewe. Aliuliza sababu katika ofisi ya wageni, na karani akamweleza kwa upole wa mtu aliyezoea kuulizwa. Katika nchi ile, anayekopa huweka rehani mlango wake. Mlango hung'olewa na kupelekwa Ghalani, na ubavuni mwake hutobolewa matundu kwa keke ya seremala, tundu moja kwa kila fungu la deni. Mwenye deni akilipa fungu, karani wa Ghala hugongomea kigingi katika tundu moja. Akikosa mwezi, vigingi viwili hung'olewa. Matundu yote yakizibwa, mlango hurudi kwa mwenyewe. Miaka saba ikipita kabla ya hapo, mlango huwa mali ya Ghala na hupasuliwa, na deni hubaki pale pale.

"Wangapi hurudishiwa?" aliuliza Mwalimu Nakiete.

Karani alifikiri. Mwaka uliopita, alisema, walikuwa wawili, ila mmoja alikuwa amekwisha kufariki.

Mwalimu alipangiwa kulala kwa Bi Somoe, mwanamke wa makamo aliyepika sabuni za mche na kuziuza, na mumewe Bwana Maftaha, fundi wa kushona mapazia. Bi Somoe alikuwa mtu wa maneno machache. Bwana Maftaha alikuwa mtu wa watu. Ilisemekana mtaani kwamba hajawahi kutamka neno hapana bila kulifuatisha na samahani, na samahani hiyo bila kuifuatisha na ndiyo. Mlango wao, uliochongwa na baba yake Bwana Maftaha kwa mti wa mvule, ulikuwa Ghalani tangu harusi ya binti yao Tamima, iliyoliwa siku sita. Ulikuwa na matundu thelathini na sita. Thelathini na matano yalikuwa yamezibwa. Miaka saba ilikuwa inatimia Jumamosi ya wiki ile ile, siku ambayo Ghala hufunguliwa, na Ghala hufunguliwa mara moja tu kwa mwezi.

Ukutani palikuwa na rafu yenye vibweta saba, kwa maana sheria ya nchi huitaka kila nyumba igawe pato lake katika vibweta: cha unga, cha taa, cha karo, cha dawa, cha nguo, cha michango na cha mlango. Mwalimu Nakiete alivutiwa sana na mpango huo. Alimwomba Bwana Maftaha amwonyeshe, naye akafungua kibweta cha karo kwa fahari. Ndani mlikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa vizuri. Kila kimoja kiliandikwa kiasi fulani, tarehe, na neno moja: Nitarudisha.

"Hivi ni nini?" aliuliza mgeni.

Bwana Maftaha alieleza kwamba mtu akipungukiwa katika unga, huazima kwenye karo, na akipungukiwa katika karo, huazima kwenye dawa. Lakini haachi kibweta kitupu, kwa kuwa hiyo itakuwa utovu wa nidhamu. Huacha karatasi. Vibweta vyao, alisema, vilikuwa vimejaa.

Na kwa mujibu wa desturi za nchi ile alikuwa anasema kweli. Mchana huo huo alipita Afisa wa Vibweta na mizani yake. Alipima kila kibweta kwa uzito, akakagua kama kimepakwa mafuta na kama vyote vimepangwa mstari mmoja, akaandika kwamba nyumba ni timamu. Hakufungua hata kimoja. Mwalimu Nakiete alipothubutu kumuuliza kama karatasi hununua unga, afisa alimjibu bila hasira kwamba yeye ni mtu wa uzito, na masuala ya unga yako chini ya idara nyingine. Kwa kibweta cha mlango tu alikunja uso. Kilikuwa chepesi kuliko vingine, na kifuniko chake kilishonwa kwa uzi wa ngozi pande zote nne. Bi Somoe alikuwa amekishona mwenyewe miaka mitatu iliyopita, akiacha upenyo wa kupitisha sarafu moja, na tangu hapo alikishona upya kila alipolipa fungu. Ndani hamkuwa na karatasi. Mlikuwa na sarafu arobaini, ambazo ndizo fungu la mwisho.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, aliingia Bwana Kombo, kaka mkubwa wa Bwana Maftaha. Aliingia kama watu wote wa huko wanavyoingia, yaani alisukuma pazia na kukaa. Kwapani alikuwa na mti mrefu uliofungwa katika shuka.

"Shemeji, usinitazame hivyo, sijaja kuiba," alimwambia Bi Somoe akicheka. "Nimekuja kuwaonyesha kitu."

Akafunua shuka. Ulikuwa mti wa kuning'inizia pazia, wa mvule uliokolea, uliong'arishwa hadi ukaakisi dirisha. Ijumaa, alisema, atafanya karamu ya kuvisha nyumba yake pazia jipya, lile ambalo mdogo wake alikuwa anamshonea. Mti huo ameuziwa na Ghala kwa mkopo, atalipa kidogo kidogo. Mwalimu Nakiete aliupokea na kuutazama kwa adabu. Ukingoni mwake ilipita nakshi ya mnyororo, lakini nusu tu ya kila pete, kana kwamba msumeno ulipita katikati yake. Na mwisho mmoja palikuwa na matundu mawili yaliyozibwa kwa nta. Aliurudisha bila kusema neno. Alikuwa mgeni, na mgeni hasahihishi daftari lisilo lake.

Kisha Bwana Kombo akataja mchango. Ndugu wa kuzaliwa hutoa sarafu thelathini. Angekuja kuzichukua kesho asubuhi, kama desturi inavyotaka.

Hapa ni lazima ielezwe sheria moja zaidi. Katika Nchi ya Mapazia, mwenye mlango peke yake ndiye anayeruhusiwa kukataa. Akiombwa mchango husema, mlango umefungwa, na hapo shauri limekwisha. Asiye na mlango hana neno la kusema. Akiombwa katika nyumba yake hutoa, kutoka kibweta chochote chenye sarafu. Mwalimu Nakiete aliuliza mantiki ya sheria hiyo, akajibiwa kwamba mwenye deni amekwisha kuonyesha kuwa anapenda fedha za watu, basi atawezaje kuwanyima watu zake? Ilikuwa imetungwa zamani sana, na watu wenye milango.

Kombo alipoondoka, mume na mke walibaki wakitazama rafu. Bwana Maftaha alisema kwa sauti ya chini kwamba ni kaka yake, amemlea. Kwamba watu watataja majina ya waliotoa na la kwao halitasikika. Kwamba karatasi moja tu, iliyoandikwa vizuri, ingeweza kukaa ndani ya kibweta hicho hadi mwezi ujao.

"Baba Tamima, hakuna mwezi ujao," alisema Bi Somoe. "Jumamosi wataupasua."

"Tumekaa miaka saba bila mlango. Tumekufa?"

Bi Somoe aligusa mshono wa kibweta. "Sitaki mlango ili niwafukuze watu," alisema. "Nataka mtu akiingia humu nijue kwamba ni mimi niliyemfungulia."

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Kombo alipofika hakulikuta pazia. Bi Somoe alikuwa amelitundua na kulikunja, na yeye mwenyewe amesimama katikati ya miimo, mgongo ukigusa mmoja na kiganja kikigusa wa pili. Bwana Kombo alimsalimu, akaitikiwa vizuri. Alimwomba ampishe; hakupishwa. Aliuliza kuna nini, na Bi Somoe akamwambia, kwa heshima zote anazostahili shemeji, kwamba mlango umefungwa.

Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Ilipofika adhuhuri, Baraza la Ukunjufu, ambalo ndilo lililolinda desturi za nchi, lilikuwa limehamia mbele ya nyumba pamoja na viti vyake, mhuri wake na chakula chake cha mchana. Wajumbe walikuwa saba. Swali lilikuwa moja: je, mtu anaweza kuwa mlango?

Mwenyekiti aliagiza kitabu cha sheria kifunguliwe. Kilisema kwamba mlango ni kitu kinachojaza uwazi wa nyumba, ambacho mwenye nyumba hukifungua kwa hiari yake. Mjumbe wa kwanza alisema mwanamke huyu hajazi uwazi, kwani juu ya kichwa chake kunaonekana rafu. Wa pili alijibu kwamba milango mingi ya zamani ilikuwa mifupi. Wa tatu, aliyekuwa seremala, alitaka kujua bawaba ziko wapi.

"Hizi hapa," alisema Bi Somoe, akagusa magoti yake. "Zinalia kama za mlango wowote."

Watu walicheka, na mwenyekiti akaandika kwamba bawaba zipo. Lakini mjumbe wa tano alikuwa mtu makini, na hoja yake ilinyamazisha kicheko. Mlango, alisema, hauchoki. Kitu kinachochoka si mlango, ni mtu aliyesimama. Baraza likakubaliana kwamba Bi Somoe atahesabiwa kuwa mlango kwa muda wote atakaosimama kati ya macheo na machweo, kwa kuwa baada ya machweo michango haiombwi. Akikaa chini, nyumba iko wazi, na Kombo ataingia.

Hapo ndipo Mwalimu Nakiete alipoomba ruhusa ya kusema. Alisema hana nia ya kufundisha Baraza. Ila kwao milango ya nyumba kubwa huwa na mbao mbili, na ubao mmoja ukifunguliwa, wa pili hubaki umesimama. Mwenyekiti alishauriana na seremala. Ilikuwa kweli. Ikaandikwa kwamba mlango wa nyumba hii waweza kuwa na mbao mbili, na kwa kuwa mbao za mlango mmoja hutoka katika nyumba moja, ubao wa pili ni Bwana Maftaha. Watu wote waligeuka kumtazama. Alikuwa ndani, kwenye cherehani, akishona pindo la pazia la kaka yake, na hakuinua kichwa.

Ijumaa Bi Somoe alisimama tangu macheo. Bwana Kombo aliketi juu ya kiti mbele yake, mti wake magotini, akamsubiri bila ubaya. Alikuwa na hakika na haki yake, na miguu ya shemeji yake aliijua. Wanaukoo walipita na kuketi pia. Mmoja alimkumbusha Bi Somoe ni nani aliyemzika mama yake. Mwingine alimwuliza kama sabuni sasa zinalipa kiasi hicho. Mwalimu Nakiete alimletea maji, akaona vifundo vya miguu vimevimba na kufunika kanda za viatu. Saa saba magoti yakaanza kutetemeka. Saa nane alianza kuteremka polepole, mgongo ukikwaruza mwimo, na Bwana Kombo akainuka kutoka kitini.

Cherehani ilinyamaza. Bwana Maftaha alikuja akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Alimshika mkewe kwapa, akamvuta ndani taratibu, na kabla mguu wa Bi Somoe haujatoka kizingitini wa kwake ulikuwa umekwisha kuingia. Wakawa uso kwa uso, yeye na kaka yake, karibu kama walivyokuwa wakilala kitanda kimoja utotoni.

Bwana Kombo alimwambia asijisumbue, akae pembeni, watu wazima hawachezi hivi.

"Kaka, pazia nimekushonea bure," alisema Bwana Maftaha. "Siku zangu tisa zimo ndani yake, na umpe salamu kila atakayelisifu. Fedha, hapana."

Bwana Kombo alisubiri. Wanaukoo wote walisubiri. "Hapana gani hiyo?" aliuliza hatimaye. "Mbona haina samahani?"

"Haina," alisema mdogo wake. "Nimeitafuta, sikuiona."

Alisimama hadi machweo. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimwumiza zaidi. Karamu ilifanyika kwa Kombo bila wao. Majina yalitajwa, na nyimbo zilisikika hadi kwao wakati Mwalimu Nakiete alipokuwa akimkanda Bi Somoe miguu kwa maji ya chumvi. Wakiwa katika shughuli hiyo, Mwalimu alimwomba amfundishe namna ya kushona ule uzi wa ngozi, na hasa namna ya kufunga fundo la mwisho. Bi Somoe hakumwuliza ni kwa ajili ya nini. Alimwonyesha mara mbili.

Jumamosi walikwenda Ghalani watu watatu. Sheria ya michango huhusu nyumba na si njia, kwa hiyo hawakuombwa kitu. Ghala lilikuwa na milango maelfu, imesimama bega kwa bega kama wanafunzi katika gwaride, kila mmoja na namba yake. Upande wa mbele palikuwa na duka la Ghala lenyewe: viti, masanduku, na miti ya mapazia iliyong'arishwa. Bi Somoe alikata uzi wa kibweta kwa meno, akamimina sarafu arobaini mezani. Karani alizihesabu mara mbili, kwa sababu hakuzoea kuona fungu la mwisho, kisha akagongomea kigingi cha thelathini na sita. Nyundo iligonga mara nne. Bwana Maftaha alihesabu kila pigo kwa midomo.

Karani aliwapongeza kwa dhati. Aliwaambia kwamba mlango uliojaa vigingi huaminika mara mbili ya mlango mpya, na kwamba siku hiyo hiyo wangeweza kupata mkopo mkubwa kuliko ule wa kwanza, wa kupaka mlango rangi na kufanya karamu ya kuupokea. Na gari la kuubeba lingekuwa bure. Ubavu wa pili, alisema, bado haujaguswa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kushika keke.

Bi Somoe alimtazama mumewe, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu.

"Una kamba?" Bwana Maftaha alimwuliza karani. "Tutaubeba kichwani."

Waliubeba, yeye mbele, mkewe nyuma akichechemea, na Mwalimu Nakiete katikati akiuegemeza kwa bega na kushika mwavuli kwa mkono wa pili. Njia nzima mapazia yalifunuliwa kidogo na kushushwa. Hakuna aliyewasalimu, na hakuna aliyewacheka.

Jumapili mlango ulikuwa umetiwa bawaba. Asubuhi ile ilisikika sauti ya nyayo nje, zikija na kurudi, kisha kikohozi, kisha kimya. Bwana Kombo alikuwa amesimama mbele ya ubao, mkono umeinuliwa hewani. Hakujua kubisha. Hakuwa amewahi kubisha mahali popote, na hakuna aliyewahi kubisha kwake. Bi Somoe alisubiri kidogo, kisha akafungua na kumkaribisha chai.

Hakuingia. Alikuwa ameuleta mti wake. Alisema usiku wa karamu watu waliusifu, akafurahi; ila jana, mlango ulipopita mbele ya nyumba yake, aliona kitu ubavuni mwake, na hakulala. Akauegemeza mti kwenye ukingo wa mlango. Nakshi ya mnyororo ilikuwa ile ile: pete nzima ubavuni mwa mlango, nusu pete juu ya mti, na kila pete imepinda kidogo kushoto, kama alivyokuwa akizipinda marehemu baba yao aliyechonga milango miwili kutoka mvule mmoja na kumpa kila mwana wake.

"Mwalimu," alisema, "una macho mazuri. Hapa mwishoni pamechomwa namba gani?"

Mwalimu Nakiete alivaa miwani, akasoma. Mia mbili na nane.

Bwana Kombo alitoa kutoka mfukoni hati iliyochakaa ya rehani ya mlango wake, akaitazama, akairudisha; namba ilikuwa ile ile. Deni lake la kwanza bado lilikuwa halijaisha. Deni la mti lilikuwa limeanza. Alipitisha kidole juu ya matundu mawili yaliyozibwa kwa nta, halafu juu ya vigingi vya mdogo wake, kimoja kimoja, hadi thelathini na sita.

Bwana Maftaha alikuwa amesimama nyuma, na mikono yake ilitafuta cha kufanya. Bi Somoe aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na kibweta cha saba, sindano nene na kipande cha uzi wa ngozi. Alivitia mikononi mwa shemeji yake.

Bwana Kombo alikitikisa kibweta karibu na sikio. "Kuna nini ndani?"

"Hamna kitu, shemeji," alisema Bi Somoe. "Hata karatasi."